Kubali Yaishe? Haiishi Hivyo

Kila uchaguzi ukimalizika hapa Kenya kuna watu wa aina mbili wanaonikera. Wa kwanza ni yule aliyeshinda, akaenda kupuliza vuvuzela mbele ya mlango wa jirani aliyeshindwa. Wa pili, na huyu ndiye hasa, ni yule anayekuja na uso wa huruma kukwambia, "Kubali yaishe." Na wino wa kidoleni haujatoka!

Mimi ni mtu wa Mombasa na upande wangu, wa Raila Odinga, ulishindwa uchaguzi wa urais Agosti 2022. Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alisoma matokeo tarehe 15 pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura: William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Afadhali ungepigwa kwa mbali ukajua moja. Kwa pengo kama lile kila mtu alianza kuhesabu binamu waliolala nyumbani siku ya kura. Na kabla hata matokeo hayajasomwa, makamishna wanne kati ya saba wa tume walikuwa wameshaketi katika hoteli ya Serena wakisema hawayatambui. Sasa hapo nikubali lipi, niache lipi?

Wiki ile ya kusubiri ndiyo iliyotumaliza. Tume ilikuwa imeziweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, kwa hiyo kila mwenye bando alikuwa karani wa kujumlisha. Runinga moja ikisema hivi, ya pili ikisema vile, halafu zote zikapunguza mwendo. Barazani kwetu palikuwa na kijana fundi simu ambaye usiku wa kura aliipiga picha fomu iliyobandikwa kwenye mlango wa darasa alipopigia. Siku matokeo yaliposomwa alikaa na simu mbili mkononi, moja ina picha yake, nyingine ina fomu ya tume, akilinganisha tarakimu moja baada ya nyingine, sahihi za mawakala, hata muhuri. Zililingana zote. Unadhani alifurahi? Alizizima simu zote mbili akaenda zake, kahawa yake ikabaki pale pale. Wapo waliotaka sana kosa lipatikane, maana kosa lina mtu wa kulaumiwa.

Watu hucheka wakimwona mtu mzima analilia mwanasiasa. Lakini mara nyingi hamlilii mwanasiasa. Huku kwetu wengi walikuwa wanalilia bandari. Tangu mizigo ianze kulazimishwa kupanda reli ya SGR kwenda Nairobi, madereva wa malori, makuli, mawakala wa forodha na mama ntilie wote walionja uchungu wake. Uchaguzi kwao ulikuwa mlo. Na hapo siasa ikatucheza shere: Ruto alipoapishwa katika uwanja wa Kasarani, Septemba 13, alitangaza katika hotuba yake ya kwanza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Tuliyempigia kura ya kumkataa ndiye aliyesema tulichokuwa tukikitaka. Nilimwona mzee mmoja wa malori akiipokea habari ile kama mtu aliyepewa zawadi na mkwe asiyempenda.

Ninachoamini ni hiki: aliyeshindwa haponi kwa kuambiwa anyamaze. Hupona akiwa na jambo la karibu la kufanya, lenye tarehe. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007 hapakuwa na tarehe yoyote. Upande wa upinzani ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuziamini, hasira ikakosa pa kwenda, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Katiba ya 2010 ilileta kalenda: siku 7 za kuwasilisha kesi ya urais, siku 14 za kuiamua. Tena tulishaona mwaka 2017 kwamba Mahakama ya Juu inaweza kuufuta uchaguzi kweli. Kwa hiyo mwaka 2022 watu walikasirika wakisubiri Septemba 5, siku ya uamuzi wa kesi. Majaji wote saba waliyathibitisha matokeo, Raila akasema anaheshimu uamuzi ingawa haukubali hata kidogo. Wengine waliona ni unafiki. Mimi naona ndiyo kauli ya kiungwana kuliko zote alizotoa mwaka ule, kwa sababu haikumtaka mtu yeyote ajidanganye.

Sisi wa Mombasa tulipata na dawa nyingine, kwa bahati tu. Karatasi zetu za kura ya ugavana zilikuja na picha na maelezo yasiyo yetu, uchaguzi huo ukaahirishwa, na hatimaye tukaitwa tena Agosti 29, wiki mbili baada ya Bomas. Wengi hawakutoka. "Kura gani tena?" walisema, na walikuwa na haki ya kuchoka, ila hospitali za kaunti na taka za mtaani haziendeshwi na rais. Waliotoka walimchagua Abdulswamad Nassir, wa chama chetu cha ODM, chama cha Raila. Sitasema jeraha lilifunga. Lakini barazani mazungumzo yalianza kuwa ya maji na takataka, watu wakagombana kwa jambo ambalo mtu anaweza kwenda kuliuliza ofisini kesho asubuhi.

Kuhusu makundi ya WhatsApp sina mengi: toka, utarudi ukitaka.

La jirani ndilo gumu. Agosti 2024 Hassan Joho, gavana wetu wa zamani na mpiga debe mkubwa wa Raila, aliapishwa kuwa waziri wa madini katika serikali ya Ruto. Machi 2025 Raila mwenyewe akatia saini makubaliano na Ruto pale KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi. Oktoba mwaka huohuo Raila akafariki dunia, na aliyelitangazia taifa maombolezo ni Ruto. Hao wakubwa walishamalizana. Mtaani kwetu kuna ndugu wawili, mmoja wa Azimio, muungano wa Raila, mwingine wa wilbaro, alama ya chama cha Ruto, ambao tangu 2022 hawajapeana mkono wa Idi. Wakikutana mlangoni mwa msikiti kila mmoja huinama kujifanya anatafuta viatu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Mama yao anataka wapatane kabla ya hapo, maana anajua baada ya hapo mmoja wao atakuwa na hasira mpya.