Vyeti Ukutani, Vidonda Mgongoni

Juzi nilimtembelea mama mmoja wa jamaa yetu katika kituo cha kutunza wazee hapa Nakuru. Sitakitaja, mwenyewe anajijua. Pale mapokezi vyeti vimetundikwa hadi karibu na dari: huduma ya kwanza, kuzuia maambukizi, hata kimoja cha "huduma kwa upendo". Mwenye kituo alinitembeza kimoja baada ya kingine kama mzee anayekuonyesha ng'ombe wake.

Nikaingia chumbani. Nyuma ya mlango imebandikwa chati ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Ilikuwa saa kumi jioni, na chati ilikuwa imeshajazwa mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Kalamu moja, mwandiko mmoja. Hongera, tumepata nabii wa zamu.

Nilipouliza mafunzo yale yote yameleta faida gani, nilijibiwa kwamba wahudumu waliyafurahia sana, na fomu za maoni zipo.

Donald Kirkpatrick, Mmarekani, alieleza tangu mwaka 1959 kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wakirudi kazini wanafanya nini tofauti, na mwishowe kazi yenyewe imenufaika vipi. Sisi tumekwea ya kwanza, tukaketi hapo, tukaagiza chai na samosa.

Faida ya mafunzo haya iko kwenye ngozi ya mgonjwa. Mzee wa kiharusi akilala upande mmoja usiku kucha, nyonga na kisigino hubanwa, damu haipiti, na kidonda kinaanza. Vitabu husema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Utaona pamekolea weusi kuliko kando yake, ukipapasa pana joto, au pamekuwa pagumu. Basi kama unataka kujua semina yako imefanya kazi, simama mlangoni mzee akiogeshwa. Je, mkono wa mhudumu unapita kisiginoni na juu ya makalio, ukatulia hapo kidogo? Au anamwaga maji, anafuta, anavuta shuka, haya twende kwa mwingine?

Kisha hesabu. Kabla hujamlipa mkufunzi, andika miezi mitatu iliyopita ilikuwa na vidonda vipya vingapi, wazee wangapi walianguka, familia ngapi ziliwahamisha watu wao kwa hasira. Baada ya mafunzo, hesabu mitatu mingine, mambo yaleyale. Kisha weka bei: bandeji na dawa za kusafishia, teksi ya kwenda hospitali usiku, kitanda kilichobaki kitupu kwa sababu binti wa mgonjwa aliongea kanisani. Hii ni hesabu ya duka la mtaani, tena mwenye duka huifanya kila Jumamosi bila mshauri wa kutoka Nairobi.

Haya, nakubali, kituo cha wazee kumi na wawili hakina namba za kutosha kuapia. Mzee mmoja akiletwa kutoka kwingine akiwa tayari na kidonda, amekuharibia hesabu yote. Dawa yake ni kumkagua siku anayofika na kuandika. Na mwenye ugonjwa wa kusahau atazidi kudhoofika hata akihudumiwa na malaika; hilo usimlaumu mhudumu.

Wenye vituo husema, "Nikiwafunza wahudumu wananikimbia, wanaenda Uarabuni." Ongeza mshahara, boss.

Na wale mnaolia kwamba mafunzo ni ghali, ushuru wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya wafanyakazi, ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anayeulipa anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuomba?

Linaloniudhi kuliko yote ni ratiba. Vidonda hivi huchimbwa usiku, mzee amelala na mhudumu amesinzia kwenye kiti cha plastiki. Semina ijayo ya kile kituo imepangwa saa tatu asubuhi. Wa zamu ya usiku hutoka saa moja, wanapanda matatu kwenda kulala. Nikauliza wao watafunzwa lini. "Wataelezwa na wenzao," mwenye kituo akaniambia, na yule msaidizi wake akaandika jina langu kwenye daftari la wageni.