Maumivu ya kiuno: je, misuli ya nyonga inalaumiwa kwa haki?

Mtu anayeshinda kitini, awe karani, fundi cherehani au dereva wa lori la masafa marefu, akilalamika kiuno siku hizi huambiwa kwamba misuli ya mbele ya nyonga imekaza na kwamba dawa ni kuinyoosha. Mitaani tungesema "mishipa imekaza", neno tunalolitumia kwa misuli, kano na neva bila kubagua. Ushauri huo una msingi, ila kwa maoni yangu unatangazwa kwa uhakika usiostahili.

Msingi wake uko katika maumbile. Msuli mkuu wa kukunja nyonga, soasi, huanzia ubavuni mwa pingili ya mwisho ya kifua na pingili tano za kiuno, hujishika pia kwenye diski zilizo kati yake, hushuka nyuma ya matumbo na kuungana na mwenzake utokao upande wa ndani wa mfupa wa nyonga, kisha yote miwili hujifunga upande wa ndani wa sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Msuli wa namna hiyo ukifupika, mwenye nao akisimama hana budi ama kubaki amekunja nyonga kidogo, ama fupanyonga lake liinamie mbele na kiuno kibonyee kupita kawaida, hali inayoongeza mbano kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Vladimir Janda, daktari wa neva kutoka Chekia, aliunganisha hali hii na udhaifu wa misuli ya tumbo na makalio, na maelezo yake ndiyo wataalamu wengi wa fiziotherapia waliyofundishwa.

Tatizo ni kwamba fupanyonga lililoinamia mbele limejaa kwa watu wasioumwa chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopima watu 120 wasio na maumivu, ulilikuta kwa asilimia 85 ya wanaume na asilimia 75 ya wanawake. Aidha, mwenye maumivu hujikunja na kukaza mwili ili kujilinda, kwa hiyo ukakamavu tunaouita chanzo waweza kuwa tokeo. Shirika la Afya Duniani, lililokadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, linasema takribani asilimia 90 ya visa havina ugonjwa au jeraha moja linaloweza kutajwa kuwa ndilo chanzo.

Kwa sababu hiyo napendelea kupima kwanza. Keti kwenye ukingo wa meza imara, lala chali, vuta goti moja kifuani mpaka kiuno kigandame mezani, na uache mguu wa pili uning'inie. Paja la mguu huo likibaki limeinuka, nyonga hainyooki ipasavyo; likilala vizuri lakini goti likagoma kukunjika, mkaidi ni msuli wa mbele ya paja unaovuka goti. Wengi hujidanganya hapa, maana kiuno kikiinuka mezani, paja nalo hushuka na kuonekana zima. Wapo pia wanaohisi kukazwa kila siku, ilhali paja lao hulala bila shida, na hao huenda wakahitaji kuuimarisha msuli kuliko kuuvuta.

Kipimo hiki kilitokana na Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa Liverpool katika karne ya 19, aliyekitumia kwa wagonjwa wa nyonga, wakiwamo wa kifua kikuu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu, na usaha wake huweza kushuka ndani ya soasi na kuifanya nyonga ikatae kunyooka. Mwenye homa za jioni, anayekonda, aliyekufa ganzi sehemu za siri au anayeshindwa kuzuia mkojo asipoteze muda kujinyoosha, aende hospitali.

Kwa aliyesalia, ambaye kipimo kimeonyesha ufupi, kupiga goti moja, kubana makalio na kusogeza nyonga mbele kwa sekunde 30, mara kadhaa kwa siku, pamoja na kutembea, ni jaribio lisilo na gharama. Baada ya wiki sita arudi mezani. Paja likiwa limeshuka na kiuno kimetulia, aendelee; likiwa limeshuka na kiuno kingali kinauma vilevile, msuli huo aache kuulaumu.