Nilivyoulinda Udhu Madina Nzima

Usiku wa kuamkia Jumamosi, shehe wa msafara wetu alitukusanya kwenye ukumbi wa hoteli, hapo Madina, akatusomea hadithi iliyoninyima usingizi. Anayejitoharisha nyumbani kwake, kisha akaenda Msikiti wa Quba akasali humo, ana ujira kama wa umra. Umra! Ile hija ndogo niliyoidunduliza miaka mitatu, kumbe huku inapatikana kwa rakaa mbili na safari ya basi ya dakika chache. Na kesho yake ndiyo siku ambayo Mtume (s.a.w.) alikuwa na desturi ya kwenda Quba, mara kwa miguu, mara juu ya mnyama.

Nikanyoosha mkono. "Shehe, nikitawadha kulekule kwenye mabomba ya msikitini?"

"Sala itaswihi. Lakini hadithi imetaja nyumbani, na nyumbani kwetu kwa sasa ni humu hotelini. Wewe tia udhu chumbani, ushuke nao."

Ushuke nao. Alivyolitamka, ungedhani ni trei ya mayai.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kifungua kinywa. Walipakua ful, yale maharage ya kupondwa yenye bizari na mafuta ya zeituni yanayoelea juu, na mimi ni mtu wa maharage tangu utotoni. Nikala sahani mbili, nikateremshia na laban, maziwa ya mgando. Ndipo nikapanda chumbani, nikatawadha taratibu, kila kiungo mara tatu, maji hadi nyuma ya kisigino. Simu nikaisahau kwenye chaji.

Sasa, asiyejua shida zetu Mashafii, sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na aambiwe. Udhu wetu hauchezewi. Ukisinzia umekwenda, isipokuwa uwe umekaa makalio yametulia barabara. Mkono wako ukigusana na wa mwanamke asiye maharimu wako (ndugu usiyeweza kumwoa) umekwenda, hata kama hamkukusudia. Na kuna lile la tatu, ambalo maharage yanalijua kuliko mimi.

Tuliambiwa basi ni jeupe, limefungwa kitambaa cha kijani kwenye kioo cha pembeni. Saa moja asubuhi nikaliona mlangoni, nikapanda, nikakaa kiti cha mbele. Nikayabana makalio kitini kama nilivyofundishwa chuoni, mikono nikaitia ndani ya mikono ya kanzu, nikafumba macho nikaleta uradi. Nyuma yangu watu wakapanda, basi likaondoka. Mtu akashika kipaza sauti akawa anasema, nami nikawa naitikia "amina" kila alipovuta pumzi. Baada ya "amina" ya sita hivi nikasikia kicheko. Nikafumbua macho.

Basi zima Waindonesia. Wamevaa sare za maua, wote wana vitambulisho shingoni, wote wananitazama mimi na kanzu yangu kwa furaha kubwa. Kumbe hoteli moja, rangi ya kitambaa ileile, basi mbili. Nikamwonyesha kiongozi wao kidole kuelekea kusini: "Quba? Quba?" Akatikisa kichwa kuwa ndiyo, akanionyesha vidole vinne. Nilidhani dakika nne. Alikuwa ananiambia Quba ni kituo cha nne.

Cha kwanza kilikuwa Uhud, kaskazini ya mji, upande wa pili kabisa. Tukawasalimia mashahidi waliouawa katika vita vya hapo, ami yake Mtume Hamza na wenzake, kisha wenzangu wakapanda kile kilima cha wapiga mishale. Mimi nikabaki chini, maana kupanda kunatikisa tumbo. Nikawakumbuka wale wapiga mishale 50 wa vita hivyo vya mwaka wa 3 Hijria, walioambiwa wasiondoke mahali pao hata wakiona ndege wanawanyakua wenzao, na wengi wao wakaondoka. Nikaapa kimoyomoyo kwamba mimi sitaondoka. Tumbo likajibu. Likaunguruma kwa kirefu, mpaka kijana aliyekuwa akiuza tasbihi akageuka kutafuta pikipiki.

Hapo nikawa mwanachuoni wa ghafla. Mtume alishaufunga mlango wa wasiwasi huu: mtu asiikate sala yake mpaka asikie sauti au anuse harufu. Sauti nimeisikia, ndiyo, lakini imetokea wapi? Ndani. Nikapitisha hukumu: mbingu imenguruma, mvua haijanyesha. Udhu upo.

Kituo cha pili shamba la mitende. Wakatuonjesha ajwa. Nikahesabu tende saba, kwa kuwa hadithi imesema mwenye kula ajwa saba asubuhi, siku ile hadhuriwi na sumu wala uchawi. Ful haikutajwa.

Ndipo bibi mmoja wa kundi lile aliponitwaa kuwa mjukuu. Mfupi, hafiki kifuani kwangu, anatembea na mkoba usiokwisha biskuti. Kila akininyooshea biskuti, mimi navua kofia na kuikinga, anatumbukiza, nainama kushukuru. Basi zima likaona huo ndio ustaarabu wa Afrika. Hadi tunaondoka shambani kofia yangu ilikuwa na biskuti tisa, pipi za tangawizi na sarafu ya riyali moja kutoka kwa mzee aliyeelewa vibaya.

Cha tatu Masjid Qiblatain, pale ambapo mapokeo yanasema watu walikuwa ndani ya sala, kibla, upande wa kuelekea katika sala, kikahamishwa kutoka Baitul Maqdis (Yerusalemu) kwenda Makka, nao wakageuka palepale. Nilisali rakaa mbili kwa udhu wa hotelini, na nakiri kwamba katika sijda ya mwisho nilishikilia pumzi kuliko inavyopasa. Mtu aliyekusudia kwenda kusini akapelekwa kaskazini, kisha magharibi, ana haki ya kuwa na mawazo mengi kuhusu kibla.

Saa sita kasoro robo hatimaye nikaiona Quba. Minara minne, makuba meupe juu ya ukuta mweupe, jua limewaka mpaka unakunja uso. Msikiti wa kwanza wa Uislamu, ulioasisiwa mara tu Mtume alipofika kutoka Makka mwaka 622, nami nimeufikia na udhu wa saa tano. Tumbo limetulia. Mikono imo ndani ya kanzu. Kati yangu na umra palikuwa na ngazi chache tu.

Bibi alikosea ngazi ya pili.

Sikuwaza chochote, wala naye hakuwaza. Alinidaka kiganja kwa mikono yake miwili, nami nikamvuta, akasimama. Mikono yake ilikuwa ya moto, inanukia mafuta ya kuchua. Tukatazama viganja vyetu vilivyoshikana. Akanitazama usoni. Na hapo nikakumbuka kuwa Waindonesia nao ni Mashafii.

Akajifunika mdomo. "Wudhu," akanong'ona. Kisha akapasua kicheko: "Batal!"

Asubuhi yote tulizungumza kwa ishara, na hilo ndilo neno la kwanza nililolielewa bila mkalimani. "Batili, bibi," nikamjibu. "Batili kabisa." Tukacheka pale kwenye ngazi mpaka mlinzi akatuashiria tusizibe njia. Yeye akaenda kwa wanawake, mimi nikaenda kwenye mabomba, na huko nikamkuta shehe wangu, mikono inachuruzika maji. Walikuwa wamesali Quba tangu saa mbili asubuhi na sasa wamerudi kunitafuta. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alitazama mkono wangu uliokwisha kufungua bomba.

"Bwana we! Si nilikwambia ushuke nao?"

Tulisali Adhuhuri pale, tukarudi. Cha mchana nikakikataa. Nikapanda chumbani, nikatawadha upya, nikaita teksi kwa simu iliyojaa chaji, nikaingiza mikono ndani ya kanzu na kwenda kubonyeza lifti. Ikafunguka. Ndani sare za maua tupu, na mbele kabisa bibi yangu, ameshanyoosha mikono yote miwili. "Afrika!"

Nikashuka kwa ngazi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya 9.