Sauna na moyo: hesabu mara za kuingia, usihesabu nyuzi za joto

Watu wakianza kutumia sauna, yaani chumba cha kukaa na kutokwa jasho kinachopashwa joto kali kwa jiko lenye mawe, kwa ajili ya moyo, swali lao la kwanza huwa ni joto. Lifike nyuzi 80? 90? 100? Kwa maoni yangu, hapo ndipo wanapoanza kupotea. Cha kuuliza ni utaingia mara ngapi kwa wiki, na kama utaweza kushika utaratibu huo kwa miaka.

Tazama utafiti wa Kuopio, mashariki mwa Ufini, ambao kila anayezungumzia jambo hili huutaja. Daktari wa moyo Jari Laukkanen na wenzake walifuatilia wanaume 2,315, wenye umri wa miaka 42 hadi 60, kwa takriban miaka 20, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo. Wakilinganishwa na walioingia sauna mara moja kwa wiki, walioingia mara 2 hadi 3 walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 22 ya kufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Kwa walioingia mara 4 hadi 7, hatari ilikuwa pungufu kwa asilimia 63. Wastani wa joto la sauna zao? Kama nyuzi 79 hivi. Hawakuwa wakishindana na moto. Walikuwa wakirudi, wiki baada ya wiki.

Tuwe waaminifu: kufuatilia watu si sawa na kuwafanyia jaribio. Mwenye afya njema ndiye mwenye nguvu ya kuingia sauna kila siku, na hata watafiti wakizingatia uvutaji sigara, presha na mazoezi, haiwezekani kuondoa kila tofauti. Jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliwapa watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo sauna mara 4 kwa wiki kwa wiki 8, na mishipa yao haikuonyesha nafuu ya kupimika. Kwa hiyo anayeuza sauna kama tiba ya mishipa iliyoziba anadanganya. Ninachoona kina msingi ni hiki: kwa mtu ambaye hali ya moyo wake ni thabiti, sauna ya mara kwa mara ni nyongeza nzuri juu ya mazoezi, chakula na dawa zake.

Inafanyaje kazi? Ngozi ikipata joto, mishipa yake hutanuka ili damu ipeleke joto nje. Moyo huongeza kasi, mapigo yakafika 100 hadi 150 kwa dakika, kiwango cha mtu anayetembea haraka au zaidi. Damu inayopita kwa kasi husugua utando wa ndani wa mishipa, nao hutoa nitriki oksaidi, kemikali inayolegeza kuta zake. Katika jaribio moja la watu 102, dakika 30 katika nyuzi 73 zilishusha namba ya juu ya presha kutoka 137 hadi 130 kwa wastani, na mishipa mikubwa ikawa laini zaidi kwa muda. Misuli, lakini, haikufanya kazi yoyote, na ndiyo maana sauna haichukui nafasi ya kutembea. Inapendeza zaidi vikienda pamoja: dakika 15 baada ya mazoezi, mara 3 kwa wiki.

Kipimajoto kiwe usawa wa kichwa cha aliyekaa, kwa sababu karibu na dari na karibu na sakafu ni hali mbili tofauti kabisa. Anayeanza akae benchi la chini, nyuzi 70 hadi 80, dakika 5 hadi 10. Akizoea kwa wiki kadhaa, aende 15, na 20 zinatosha. Maji yamwagwe juu ya mawe kidogo kidogo: mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lake papo hapo, kwa hiyo mwili hupokea mzigo mkubwa ingawa kipimajoto hakijasogea. Mapigo yakidunda bila mpangilio, kifua kikibana, kichwa kikiwa chepesi au kichefuchefu kikija, toka. Usimalizie dakika zilizobaki.

Ajali nyingi zinazoepukika hutokea wakati wa kuinuka. Damu imejaa kwenye ngozi na miguu, na ukisimama ghafla presha huanguka, ukaanguka nayo, pengine juu ya jiko. Aliyelala aketi kwanza dakika 2, miguu chini, kisha ainuke akishika ukuta. Kujitumbukiza kwenye maji ya baridi kali ni hatari nyingine: mishipa hujifunga mara moja, presha hupaa, na moyo wenye tatizo unaweza kupoteza mpangilio. Hewa ya kawaida kwa dakika 10 na bafu la vuguvugu vinatosha. Pombe, hapana, kabla wala ndani.

Jasho la kikao kimoja linaweza kufika nusu kilo. Jipime kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji ya kurudisha. Anayetumia dawa za kukojosha maji, au za nitrati za kutanua mishipa, aongee na daktari kabla ya kuanza, kwani presha inaweza kushuka kupita kiasi. Plasta ya nitrati inayobandikwa kwenye ngozi ina hatari yake: joto huharakisha dawa kuingia mwilini. Mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, aliyepata shambulio la moyo karibuni, au mwenye vali ya aota (mlango wa damu kati ya moyo na mshipa mkuu) iliyobana sana, asiingie mpaka daktari wake aruhusu.

Na usipime presha mara tu utokapo sauna ukafurahia namba ndogo. Hiyo ni ya muda. Pima asubuhi, umekaa kwa utulivu dakika 5, kwa wiki kadhaa, uandike. Zikionekana zinashuka, mpelekee daktari hizo namba. Kupunguza dozi ya dawa za presha ni uamuzi wake.