Msasa wa kitambulisho: hofu ya mpaka na swali la babu

Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kufuta msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa waombaji wa kitambulisho katika kaunti za mpakani, yaani kuhojiwa na kamati kuhusu ukoo wao. Wajir walishangilia. Upinzani ukasema wageni wanagawiwa vitambulisho ili wapige kura 2027. Tangu hapo ukiligusa jambo hili unaulizwa kwanza uko mrengo gani, hata kabla hujatoa hoja.

Wanaoutetea msasa si watu wa kubezwa. Mpaka wa Kenya na Somalia ni karibu kilomita 680, na ukoo mmoja huwa na ndugu pande zote mbili. Kambi ya Dadaab, kaunti ya Garissa, imepokea wakimbizi tangu 1991. Katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, magaidi wa al-Shabaab waliua watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148. Mzazi aliyemzika mwanawe baada ya Garissa ana haki ya kuuliza kadi hizi zinatolewa vipi na kwa nani.

Ila mmoja wa waliovamia chuo kile alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkenya, kwao kunajulikana. Kamati ya msasa ilikuwa ikiuliza wewe ni mtoto wa nani, na yeye angejibu bila kusita. Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa msasa: hofu yao ni ya kweli, lakini dawa wanayoishikilia haitibu ugonjwa huo.

Nilimsindikiza mpwa wangu alipotimiza miaka 18. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, na nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili. Rafiki yake wa darasani, ambaye jina lake ni la bara, alitoa karatasi zake dirishani, akachukuliwa alama za vidole, akaondoka asubuhi hiyo hiyo. Mpwa wangu akaambiwa asubiri siku ya kamati. Siku ilipofika, mzee mmoja akamtaka amtaje baba wa babu yake na mahali alipozikwa. Kijana akanigeukia mimi, nami nikakatazwa kujibu. Tulipotoka nje, mtu akatunong'oneza kwamba kwa chai kidogo jambo lingekwisha. Mgeni mwenye pesa angepita hapo bila kuulizwa babu.

Na si hadithi ya jana. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa peke yao, waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi, ambao hawakuwa na hakika ya uraia. Wamakonde wa Kwale, waliokuwa hawatambuliwi kuwa raia, walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya hati za utambulisho, wala hakitaji kabila.

Hata hivyo, tangazo lenyewe lina upungufu. Rais mwingine anaweza kulifuta siku moja kwa sahihi yake. Tena watoto wengi wa kaskazini huzaliwa nyumbani bila cheti, na mzee wa kijiji ndiye shahidi wao pekee. Wapo wenyeji wanaotaka mzee huyo abaki kwenye msasa kwa sababu hiyo hiyo. Ningependa Bunge litunge kanuni moja kwa waombaji wote, ya Nyeri iwe ya Garissa, vizazi viandikishwe mapema, na afisa anayeuza kadi ndiye apigwe msasa mkali.

Mpwa wangu alipata kadi yake baada ya miezi saba. Miezi yote hiyo laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la mamake, na kila alipotumiwa hela ya kibarua, ujumbe wa M-Pesa ulimtaja mama.