Nafasi ya udaktari umepata, mji bado

Fikiria binti aliyekulia Indianapolis, mji mkuu wa jimbo la Indiana, Marekani. Mama yake, mzaliwa wa Korogwe, hufanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi wa Novemba barua ya Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Indiana inaingia: amekubaliwa kusomea udaktari. Kundi la WhatsApp la ukoo halilali siku hiyo. Vigelegele vinatumwa kwa sauti kutoka Tanga, mjomba wa Muscat anaahidi kununua koti jeupe. Ndipo shangazi mmoja anauliza, kwa wema kabisa: "Hongera mwanangu. Sasa utakaa na mama, au utahamia huko chuoni?" Binti hana jibu, na si kwa uzembe wake. Shule amepata, kampasi hajapangiwa.

Shule hiyo ni miongoni mwa shule za tiba zenye wanafunzi wengi zaidi Marekani. Huchukua zaidi ya 350 kila mwaka na ina kampasi tisa. Kundi kubwa zaidi husoma Indianapolis. Wengine hugawanywa Bloomington, Evansville, Fort Wayne, Gary, Muncie, South Bend, Terre Haute na West Lafayette. Mwanafunzi huorodhesha kampasi kuanzia anayoitaka zaidi, kisha anasubiri. Matakwa yake huzingatiwa, lakini hayaahidiwi. Na jimbo lenyewe si dogo: kutoka Gary, jirani ya Chicago, mpaka Evansville kwenye ukingo wa mto Ohio ni kama kilomita 450. Hata saa hazifanani, kwa kuwa Gary na Evansville ziko nyuma ya Indianapolis kwa saa moja.

Tuliosoma Tanzania hili neno "kupangiwa" tunalijua kwa uchungu wake wote. Majina ya kidato cha tano yakitoka, mtoto wa Tanga anajikuta Kagera, na wiki mbili baadaye yuko stendi na tranka, godoro na ndoo. Kwa hiyo mzazi wa kwetu akisikia Mmarekani analalamika kwamba amepangiwa Terre Haute, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Indianapolis, kicheko kinamtoka kabla hajakizuia. Nami nilicheka. Kadiri nilivyolitazama jambo hili, kicheko kilipungua, ingawa hakikuisha.

Tuanze na upande wa jimbo, kwa sababu una hoja nzito. Miaka ya 1960 Indiana ilikuwa na shule moja tu ya tiba, na ubishi mkubwa ulikuwa iwapo ijengwe ya pili, na katika mji gani. Kila mji uliokuwa na chuo uliitaka kwake. Mwaka 1971 bunge la jimbo likaamua vingine: shule ibaki moja, mafunzo yasambazwe jimbo zima kwa kutumia vyuo na hospitali zilizokuwepo tayari. Ndiyo maana kampasi ya West Lafayette imekaa ndani ya Chuo Kikuu cha Purdue, na ya Muncie iko pamoja na Chuo Kikuu cha Ball State. Mwanzoni vituo hivyo vilifundisha miaka ya awali tu, kisha wanafunzi wakahamia Indianapolis kwa mafunzo ya wodini. Leo kila kampasi inatoa miaka yote minne, na tangu 2016 mtaala ni mmoja kotekote.

Sababu ya msingi ni ile ile inayosumbua Songea, Turkana na Kivu. Daktari huwa na tabia ya kubaki karibu na alikofunzwa, na ukifundisha wote mji mkuu, wilaya za pembeni zitaendelea kungoja. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na ile ya 2021, limependekeza mambo mawili yanayohusika hapa: kuchukua wanafunzi waliotoka vijijini, na kuweka mafunzo ya tiba nje ya miji mikubwa. Kampasi ya Terre Haute ina programu maalumu ya udaktari wa vijijini. Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, nacho, kwa mpango ulioanza 1971, hufunza madaktari wa majimbo ambayo hayakuwa na shule ya tiba: Alaska, Montana, Idaho, na kuanzia 1996 Wyoming.

Kuna faida nyingine ambayo mwanafunzi haioni siku anapofungua barua pepe. Kampasi hizi ndogo hupokea wanafunzi ishirini na kitu, thelathini, arobaini hivi kwa mwaka. Mwalimu anakujua kwa jina, na anajua ulikosea nini juzi. Kwenye hospitali kubwa ya kufundishia, mbele ya mwanafunzi kuna foleni: bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa wa mwaka wa tano, wa tatu, wa kwanza. Mtoto anapozaliwa, mikono yote hiyo inatangulia. Kwenye hospitali ya Muncie au Evansville foleni ni fupi, na mara nyingi anayefuata baada ya bingwa ni wewe. Nani asiyetaka daktari aliyeshona vidonda vingi kabla hajamfikia yeye?

Upande wa pili nao una watu wake. Rudi kwa binti yetu. Akiwa Indianapolis atalala chumbani kwake, atakula wali wa mama, na jioni moja kwa wiki atamwangalia mdogo wake mama akiwa kazini. Akipelekwa Evansville, ukoo unaongeza kodi ya nyumba, amana, gari la kuaminika na mafuta ya kwendea nyumbani. Shule itasema, kwa haki, kwamba wanafunzi wengi wa udaktari huhama na kukopa. Lakini mkopo wa kulipia chumba usichokihitaji ni mkopo tofauti, na hauwaumi wote sawasawa. Mwenye wazazi madaktari hubadilisha mji kama anayebadilisha shati. Aliyekuwa nusu ya mikono ya nyumba yao, akiondoka ni nyumba nzima inayoyumba.

Yupo pia anayejua tangu mapema kwamba anataka upasuaji wa ubongo au magonjwa ya watoto. Maabara kubwa, hospitali ya watoto ya Riley na mabingwa ambao barua zao za kumpendekeza zitasomwa kwa makini baadaye, vyote viko Indianapolis. Kweli, mtaala ni mmoja, na tangu Januari 2022 sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu, haitoi tena alama za kushindania. Watu wa kampasi ndogo wanaitaja hiyo kama nafuu. Mimi naona ina makali pande zote mbili: alama zikiondoka, kumjua profesa anayefahamika kunapanda bei.

Hapo ndipo Eldoret inaponijia akilini. Tangu karibu 1990 shule hii ya Indiana ina ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi, ushirikiano uliozaa mpango wa matibabu uitwao AMPATH mwaka 2001 wakati UKIMWI ulikuwa unamaliza watu magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wa Indiana huja Eldoret kwa majuma kadhaa, wakajifunza kuuliza "unaumwa wapi, mama?", wakaona wodi ambazo Indianapolis haina. Huiomba safari hiyo wenyewe, na wakirudi huisimulia miaka yote. Sasa mtu anawezaje kuvuka bahari kwa furaha kwenda Uasin Gishu, halafu akasononeka kwa kupelekwa Gary, kwenye mji wa viwanda vya chuma ambao wagonjwa wake nao ni maskini na pia wanamhitaji? Jibu, nadhani, ni kwamba Eldoret aliichagua, na alijua tarehe ya kwenda na ya kurudi. Gary aliambiwa.

Hilo limenisaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo mengi huyachanganya: kupangwa, na kungojeshwa. Kupangwa ninakutetea. Jimbo linalotoa fedha za umma kwa shule lina haki ya kudai madaktari wasirundikane mji mmoja, na anayetuma maombi Indiana anajua kuna kampasi tisa. Kungojeshwa ndiko kunakohitaji kuelezwa.

Shule ina utetezi wake, na ni wa kweli. Nchini Marekani mwombaji anaweza kushikilia nafasi katika shule kadhaa kwa wakati mmoja. Barua za kwanza huanza kutoka katikati ya Oktoba. Kufikia Machi 15, utaratibu wa pamoja wa shule za tiba unazitaka ziwe zimetoa nafasi zisizopungua ukubwa wa darasa lao. Kufikia Aprili 30, mwenye nafasi nyingi anatarajiwa kuchagua moja. Kabla ya hapo shule inapanga watu ambao baadhi yao wataishia Ohio au California. Ukimpa kiti cha Indianapolis mtu wa namna hiyo mwezi wa Desemba, umemnyima binti wa Korogwe kiti ambacho mwishoni kitabaki wazi.

Ila geuza upande wa pili wa kitambaa. Mwanafunzi mwenye nafasi mbili naye anaambiwa achague kufikia Aprili 30, na kampasi ni sehemu kubwa ya anachokichagua. Indiana ya Indianapolis akiwa kwao ni jambo moja, na Indiana ya Evansville ni jambo jingine, hata kama cheti kitaandikwa sawa. Shule inamngoja mwanafunzi aseme anakuja, mwanafunzi anaingoja shule iseme aende wapi. Ni kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akisema "tangulia", na mvua inawanyeshea wote.

Kati ya hao wawili, nani atangulie? Mimi nasema shule. Inaona orodha nzima, ina takwimu za miaka mingi za wangapi hujitoa, na ikikosea kiti kimoja itakijaza kutoka orodha ya akiba. Mwanafunzi ana maisha mamoja na hana takwimu. Kuna wiki sita na ushee kati ya Machi 15 na Aprili 30. Kumtangazia kila aliyekubaliwa kampasi yake ndani ya dirisha hilo, kisha kuruhusu mabadilishano viti vinapoachwa, ni kazi ngumu kwa ofisi moja kwa mwezi mmoja. Kutoitangaza ni kazi ngumu kwa mamia ya familia. Atakayejibu kwamba mabadilishano yataleta vurugu hajakosea: kila kiti kinachohama huamsha tamaa ya wengine kumi. Kwa hiyo mabadilishano nayo yawe na tarehe ya kufungwa.

Jambo jingine ni kanuni ya kupanga. Miaka minne baadaye wanafunzi hawa hawa wataingia kwenye mfumo wa kitaifa wa kuoanisha madaktari wapya na hospitali, ambao matokeo yake hutoka Machi kila mwaka. Alvin Roth, aliyeshiriki kuusanifu upya miaka ya 1990, alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa utafiti wa eneo hilo. Uzuri wake kwa mwombaji ni kwamba njia salama ni kuandika anachokitaka kweli, kwa mpangilio anaoutaka kweli. Hailipi kujifanya. Pale ambapo kanuni ya kupangiwa kampasi haielezwi wazi, watu huanza kubahatisha: nikiweka Indianapolis ya kwanza nitaonekana wa kawaida? Nikiweka Muncie ya pili nitapelekwa huko kwa kuwa wachache wanaitaka? Orodha inageuka bahati nasibu yenye mbinu, na shule yenyewe inapoteza kitu, kwa sababu haijui tena nani kwa dhati anataka kuwa daktari wa kijijini.

Msomaji wa Nairobi ataona haya ni matatizo ya walioshiba. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, na moja ya madai makuu ilikuwa kupangiwa vituo kwa madaktari watarajali waliokuwa wamemaliza shule na wamekaa nyumbani, huku serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 badala ya 206,000 zilizokubaliwa 2017. Hao walikuwa wanangoja mshahara na leseni, wagonjwa wakiwangoja wao. Kwenye mizani, kungoja kwa Indiana ni kwepesi. Nakubali, na bado wepesi wa mzigo haumaanishi aubebe asiyestahili.

Chombo kinachoidhinisha shule za tiba Marekani kimeliwekea suala hili kipengele chake: shule ndiyo yenye wajibu wa mwisho wa kumpangia mwanafunzi mahali, na lazima kuwe na njia ya yeye kuomba kuhamishwa akiwa na sababu ya maana, hali ikiruhusu. Kwa binti yetu maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Masomo huanza karibu na Agosti. Akipangiwa Evansville mwezi wa Mei, akaandika ombi lake kuhusu mama wa zamu za usiku na mdogo wa miaka tisa, jibu likija Juni ataweza kulitumia. Likija mwisho wa Julai, amana ya Evansville itakuwa imeshalipwa, na mama ameshapunguza zamu.