Sheria ya mazingira ya Ulaya isomwe kuanzia kiambatisho

Kozi nyingi za sheria ya mazingira ya Umoja wa Ulaya huanzia juu: Ibara ya 191 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja huo, kisha misingi mikuu ya tahadhari, ya kuzuia madhara kabla hayajatokea na ya mchafuzi kulipa. Wiki zinakatika, daftari limejaa, na bado mwanafunzi hawezi kumjibu katibu wa chama cha ushirika cha kahawa anayeuliza, "Mzigo wetu utapita au hautapita?" Naona mpangilio huu umewekwa kichwa chini miguu juu. Mwanafunzi, hasa anayetoka Afrika Mashariki, achukue sheria moja, aanze na kiambatisho chake, afuate tarehe na tafsiri ya maneno, ndipo apande hadi kwenye mkataba. Misingi ile itamkaa akilini akishaona inamgusa nani na kwa kiasi gani.

Kwetu sisi, ya kuanzia ni Kanuni (EU) 2023/1115, inayozuia soko la Ulaya kupokea bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu. Neno "kanuni" lenyewe lina mtego. Mwanasheria wa Tanzania akilisikia anawaza zile ambazo waziri hutunga chini ya sheria ya Bunge. Ya Ulaya siyo hiyo. Kwa Ibara ya 288 ya mkataba, kanuni ni sheria kamili inayofanya kazi moja kwa moja katika nchi zote wanachama. Agizo ndilo linaloweka lengo na kuiachia kila nchi itunge sheria yake ya kulifikia. Basi ukisoma agizo bila kutafuta sheria ya Ujerumani au Ufaransa iliyolitekeleza, umesoma nusu.

Andiko lenyewe liko kwenye tovuti ya EUR-Lex kwa namba 32023R1115: 3 ni fungu la sheria, 2023 ni mwaka, R ni kanuni (agizo lingekuwa L), na 1115 ni namba yake. Toleo lililounganishwa na marekebisho huanza na 0 badala ya 3. Hilo ndilo la kusomea, maana sheria hii imesharekebishwa. Lakini halina nguvu ya kisheria. Hoja ya mahakamani hunukuu Gazeti Rasmi.

Sasa tarehe, mahali ambapo wengi huanguka. Sheria hii ilianza kuwa na nguvu tarehe 29 Juni 2023. Wajibu wa wafanyabiashara ulipangwa kuanza 30 Desemba 2024, ukasogezwa hadi 30 Desemba 2025, kisha ukasogezwa tena hadi 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati. Lakini kuna tarehe nyingine ambayo haikusogea hata siku moja: shamba lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Mkulima aliyefyeka msitu mwaka 2022 na kupanda mibuni hakuokolewa na nyongeza yoyote ya muda, na anayemwambia vinginevyo anamtia hasarani.

Kiambatisho cha kwanza hutaja bidhaa kwa namba za forodha. Kama kilivyochapishwa mwaka 2023, kahawa imo chini ya 0901, yaani buni mbichi na iliyokaangwa. Kahawa ya kuyeyuka katika maji iko chini ya 2101, nayo haimo. Chai haimo, parachichi halimo. Tarakimu nne tu zinaamua kama makontena mawili yaliyotoka wilaya moja yatabanwa kwa namna moja.

Kisha ufafanuzi, Ibara ya 2. Msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10. Ukiishia hapo utadhani kihamba cha Kilimanjaro na kibanja cha Kagera, penye migomba, mibuni na miti mirefu ya kivuli, ni misitu. Endelea kusoma: mashamba ya miti ya kilimo, yakiwemo yale ambayo mazao hulimwa chini ya miti, yametolewa waziwazi. Mkulima anayekata mgrivea mmoja wa kivuli hajakata msitu. Nimeona nisisitize hili kwa kuwa ndilo linalowatia wakulima hofu isiyo na sababu.

Kila shamba linatakiwa kuwa na majira ya nukta, yaani latitudo na longitudo, yenye angalau tarakimu sita baada ya desimali. Likizidi hekta 4, mpaka wote uchorwe. Makosa hapa ni ya kawaida na yana gharama. Bukoba iko karibu na latitudo -1.33. Karani akisahau alama ya kutoa, shamba linahamia Uganda. Faili la GeoJSON hutanguliza longitudo, kumbe simu nyingi huonyesha latitudo kwanza; ukizigeuza, shamba linatua pengine kabisa. Pia kuna kujaza sifuri ili zifike sita, jambo linaloupa usahihi sura tu. Baya zaidi ni kuchanganya. Kahawa ya wakulima 300 ikimwagwa pamoja kwenye kiwanda cha kuchakata, na shamba moja likakutwa na dosari, mzigo wote umechafuka, kwa sababu hakuna ruhusa ya kukokotoa uwiano wa safi na chafu. Utenganishe kabla ya kumwaga, au usimwage.

Mwanafunzi wa kwetu ana mtaji kuliko anavyodhani. Kanuni hii haidai misitu tu; inadai pia bidhaa iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ya mkulima, zikiwemo za haki ya kutumia ardhi. Mnunuzi wa Hamburg hawezi kulijibu hilo bila mtu anayeijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayotambua haki ya kimila hata pale ambapo hati haijaandikwa. Anayesoma sheria ya Ulaya na kuiacha ya nyumbani anaitupa silaha yake bora.

Ukimaliza buni, panda melini. Soko la vibali vya hewa ukaa, lililoanzishwa kwa Agizo 2003/87/EC, limeingiza meli kubwa tangu 2024. Safari kati ya bandari ya nje na ya Umoja huhesabiwa nusu. Chukua meli inayotoka Mombasa moja kwa moja hadi Antwerp, Ubelgiji, na kutoa tani 1,000 za hewa ukaa. Nusu ni tani 500. Kwa mwaka 2024 mwenye meli anadaiwa asilimia 40 ya hizo, yaani vibali 200, kimoja kwa kila tani. Kwa 2025 asilimia 70, vibali 350. Kuanzia 2026 vyote 500. Asiyewasilisha hutozwa faini inayoanzia euro 100 kwa kila tani, na deni la vibali linabaki palepale. Hesabu hii moja inafundisha maana ya mchafuzi kulipa kuliko mhadhara wa saa mbili.

Mahakama nazipitia upesi, ila kosa moja halivumiliki: kuchanganya Luxembourg, iliko Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Strasbourg, ambako mahakama yake si ya Umoja. Hukumu ya wanawake wazee wa Uswisi walioishtaki nchi yao kuhusu tabianchi, ya 9 Aprili 2024, ilitolewa Strasbourg na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Uswisi si hata mwanachama wa Umoja. Mlango wa Luxembourg kwa mtu binafsi ni mwembamba tangu kesi ya Plaumann ya mwaka 1963: lazima sheria ikuguse wewe kwa namna ya pekee. Katika kesi ya Carvalho, familia kadhaa, mojawapo kutoka Kenya, zilidai kwamba malengo ya Umoja ya kupunguza hewa ukaa ni hafifu. Tarehe 25 Machi 2021 rufaa yao ilikataliwa bila hoja zao za tabianchi kusikilizwa, kwa sababu kinachogusa kila mtu hakikuonekana kumgusa mtu mmoja kipekee. Njia inayopitika zaidi ni kufungua shauri mbele ya jaji wa nchi mwanachama, naye apeleke swali Luxembourg chini ya Ibara ya 267. Asasi za mazingira zinazotimiza masharti zina njia nyingine ya kuomba Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ipitie upya uamuzi wake, na muda wa kuomba ni wiki 8.